Tuta la Pembeni

Jumanne, usiku



Leo jirani yangu Papa Mwape alikuwa anapulizia lengalenga zake, mchicha wa kwetu huku, dawa ya wadudu, ile kali inayochoma macho mpaka kwangu. Kesho asubuhi mke wake anazipeleka sokoni Kikula.

Nilimwambia: "Papa, ungojee kwanza dawa iishe nguvu. Batu batakula sumu!"

Akacheka. Nikamuonyesha tuta dogo la pembeni, majani yametobolewa na viwavi. "Na hii, juu ya nini haupulizie?"

"Ile haiko ya kuuzisha, mama. Ni ya kwetu ya kula."

Hasira ikanipanda. Niliruka uzio na panga, nikafyeka tuta lile lote, nikakanyaga mpaka mizizi. Akanikaba shingo. Nikamuuma mkono, nikaonja dawa yake mdomoni. Majirani walipotutenganisha nilikuwa ningali napiga kelele: "Sasa mutakula ile ya kuuzisha!"

Nilifurahi mpaka jioni. Halafu harufu ya lengalenga ikatoka jikoni kwao, na nikasikia mama yao anaita watoto waje kula.