Misumari ya Bondeni

Baba watoto,

Sote wazima, na kuku mweusi ameangua. Paa nalo limepona, ingawa si lote. Fundi alipanda akashuka anacheka: "Mama, nani huyu aliyepiga misumari kwenye mabonde ya bati? Si ndiko maji yanakopita? Msumari hupigwa mgongoni!"

Nikamwambia, "Msamehe, alikuwa na haraka ya kunioa."

Ameing'oa, matundu ameyaziba. Ulisema ungerudi kabla ya mvua, mvua imekutangulia. Jana ilinyesha usiku kucha, nami nimetega beseni moja tu.

Hilo liko kitandani, upande wako. Msumari wa hapo nilimkataza fundi asiuguse. Uliupiga wewe, njoo uung'oe.

Mkeo, wa upande mkavu.