Pizza ya Mizimu ya Magdalena

Jumapili, 20 Oktoba 1996

Leo Magdalena kaongea! Siyo "ndiyo baba", siyo "nimeshiba baba". Kaongea hasa, mpaka uji ukapoa. Madam Karen, yule mwalimu wao wa Kimarekani, kawasimulia kwamba kwao tarehe thelathini na moja ya mwezi huu kuna sikukuu inaitwa Halowini. Siku hiyo wafu wanapita majumbani. Watoto wanajivika kama mizimu, maboga yanatobolewa macho, watu wanapika vyakula vya kutisha. Kawaonyesha na picha gazetini: pizza yenye mizimu juu yake. Mizimu yenyewe, nilivyoelezwa, ni shuka nyeupe yenye macho mawili.

Nikamwambia hiyo siyo mizimu mwanangu, hiyo sanda. Akacheka. Tangu tumzike mama yake mwezi wa sita sijausikia mlio huo humu ndani.

"Baba, si wewe unaoka mikate? Niokee."

Nimekubali. Hata angetaka nimwokee gurudumu la lori ningekubali.

Jumatatu, 21 Oktoba

Ujumbe kutoka Kinole, kijijini kwa wakwe zangu, huko milimani. Kauleta mama mmoja muuza machungwa pale sokoni. Shemeji Mosi, kaka yake marehemu Paskalia, anashuka mjini Alhamisi ya wiki ijayo. Anakuja kutuchukua mimi na Magda twende kwao kwa Siku ya Marehemu Wote, tusafishe kaburi la mke wangu, tusali. Halafu wazee wa ukoo watakaa "kuzungumzia mtoto".

Kuzungumzia nini? Najua nini! Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Paskalia alinieleza tukiwa bado wachumba. Mimi Mnyakyusa nikamjibu kwetu mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Tulicheka! Tukakubaliana tutagawana: akilia wa kwake, akilala wa kwangu. Sasa mwenzangu ndiye kalala, na anayelia ni mimi.

Mosi si mtu mbaya. Ningefurahi sana angekuwa mbaya. Siku ya matanga aliniambia kwa upole, watu wanasikia: shemeji, wewe unatoka alfajiri kwenda kuoka mikate, mtoto anaamshwa na jirani, anakula anachopewa. Kwa bibi yake kuna mama wadogo watatu. Nikatazama chini, maana ni kweli. Mama Mwanahawa wa nyumba ya pili ndiye anayemwamsha na kumfunga vifungo. Mungu ambariki, lakini jirani ni jirani.

Basi. Mosi akija amkute mtoto ana mashavu. Amkute anacheka, mezani, na wenzake, baba yake yupo. Akimkuta hivyo atasema nini?

Jumatano, 23 Oktoba

Nimemwomba tajiri wangu, mzee Taherali, ruhusa ya kutumia tanuri. Kavua miwani. Mikate yangu hutoka kwa bismillahi, kasema, wewe leo unataka kunitilia majini humo? Kisha akacheka mpaka akakohoa. Akaenda dukani mbele akarudi na chizi, jibini ya kopo, ya Uholanzi. Zamani tulipigana kwenye foleni za unga wa ngano, anasema, leo nina chizi mpaka vumbi limeijaa, hakuna wa kuinunua. Chukua. Mwambie mtoto ni zawadi ya babu.

Nikataka kumshukuru, nikageukia ukutani. Nikajifanya unga umeniingia puani. Mwoka mikate ana bahati hiyo, kila kitu anasingizia unga.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya misa nimempeleka Magda kiwandani kwa mzee Taherali, tujaribu. Pizza naijua. Huwa tunawaokea wale wahadhiri wa kigeni wa pale chuoni wakiwa na wageni. Lakini mizimu sijawahi! Nimekata chizi vipande vyenye umbo la mtu aliyejifunika shuka, macho ya zabibu kavu, nikaingiza tanurini. Kutoa — mizimu yote imeyeyuka imekuwa bwawa, macho yanaelea.

"Baba, wamezama!"

Kumbe dawa ni kuoka kwanza, mizimu inawekwa pizza ikishatoka, ilegee tu kidogo. Tumeijaribu tena. Safi! Magda kakata mwenyewe buibui wa pilipili hoho. Miguu kampa minne tu, anasema mingine kaikunja. Kala vipande viwili na ukoko wa cha kwangu. Mzee Taherali kala kimoja, kasema kwa jini, huyu hajambo.

Nimerudi nyumbani na furaha. Nimefika mlangoni nikataka kumwita Paskalia nimhadithie. Mdomo ukawa umeshafunguka.

Jumanne, 29 Oktoba

Nilikuwa natandika kitanda cha mtoto. Chini ya mto nimeikuta kanga ya mama yake, ile ya njano, haijafuliwa. Nimeirudisha palepale.

Siandiki zaidi leo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Naandika alasiri, watoto wamekwenda, Mosi kapumzika chumbani.

Ilianza vizuri mno! Mzee Taherali kaniruhusu mapema. Nimeileta pizza kwa baiskeli, kwenye trei la mikate, nimeifunika kitambaa. Rojo ya nyanya nyekundu kama damu, mizimu sita, buibui watatu, vidole vya soseji vyenye kucha za kitunguu. Magda kamwalika Sheetal wa darasani kwake na mabinti wawili wa Mama Mwanahawa. Sheetal hali nyama, tukamwondolea vidole. Walivyopiga kelele walipoiona! Mama Mwanahawa kachungulia dirishani, kasema astaghfirullah, halafu kaomba kipande.

Magda kakata yeye mwenyewe. Kagawa. Kipande chenye mzimu mkubwa hakumpa mtu. Nikadhani anajiwekea, nikafurahi, nikasema moyoni leo atakula. Akakitia kwenye sahani ile ya maua, akaifunika kawa, akatoka nayo. Nikamfuata. Kaiweka kizingitini, upande wa nje, kapiga magoti, kainyoosha ikae sawa.

"Cha nani hicho?"

"Cha mama."

Nimesimama pale kama mlingoti, na ndipo namwona shemeji Mosi anaingia uani na kikapu cha ndizi na mdalasini.

"Shikamoo mjomba!" Magda kamrukia. Marahaba mama, marahaba, kajibu Mosi. Kamwinua juu, kamwangalia mashavu. Nikasema moyoni: angalia, angalia vizuri! Kisha akaiona sahani. Akafunua kawa. Huyu ni katekista, huyu anafundisha watoto Amri za Mungu kila Jumamosi. Nikajua nimekwisha, atasema nimemlisha mtoto ushetani. Nikaanza kujitetea kabla hata hajafungua mdomo.

Hakunisikiliza. Alikuwa anamwuliza mtoto taratibu: umemwekea nani, mama? Magda kamjibu. Mosi kavua kofia. Shemeji wangu, mwanamume mzima, kachutama mbele ya pizza na machozi yanamtoka.

Baadaye, watoto wakicheza nje, akanieleza. Katika ukoo wao anayewawekea marehemu chakula mlangoni ni mtoto wa kike, na hafundishwi. Wanangoja waone ni nani atakayeanza mwenyewe. Bibi mzaa bibi yao alikuwa ndiye. Kisha mama yao. Kisha Paskalia, akiwa na umri huu huu, aliweka kiazi. Tangu azikwe wamekuwa wakiwaangalia mabinti wote wa pale nyumbani, hakuna aliyefanya. Wakawa na hofu kwamba desturi imezikwa naye.

"Kumbe alikuwa huku, shemeji. Huku mjini kwako."

Nikamwambia ni Halowini! Ni Madam Karen kawaambia wafu wanapita! Nikamwonyesha hadi buibui. Katikisa kichwa kwa huruma, kanishika bega. Shemeji, Mmarekani atayajulia wapi haya ya kwetu? Lakini usijali, tutamwuliza mtoto mwenyewe mbele ya wazee. Akisema kafundishwa, basi kafundishwa, utarudi naye. Akisema hapana, huyo ni wetu, na wewe mwenyewe utaona.

Nimeoka pizza ili nisinyang'anywe mtoto. Nimeioka kwa mikono yangu mwenyewe, hii hapa.

Ijumaa, 1 Novemba. Kinole

Tumepanda lori linalofuata machungwa, limekwama njiani, tumemalizia kwa miguu. Mosi kambeba Magda mabegani sehemu za utelezi. Kila tunayekutana naye anasimama, anamshika mtoto mkono kwa mikono miwili, wanasemezana Kiluguru na Mosi, wananiangalia mimi. Habari imeshapanda mlima kabla yetu.

Tulipopumzika mtoni Mosi kaenda kunywa maji. Nikamvuta Magda pembeni.

"Nani alikwambia umwekee mama chakula?"

"Hakuna."

"Siyo Madam Karen?"

"Madam alisema wakigonga mlango tuwape peremende. Mama hapendi peremende, baba. Ananiambia zinaoza meno."

Kasema "ananiambia".

Nikajikaza. Nikamwambia mwanangu, kesho bibi na wazee watakuuliza. Sema ni Madam. Sema tu hivyo, tutarudi nyumbani, nitakuokea nyingine, kubwa kuliko ile. Akaniangalia kwa yale macho ya mama yake. Akauliza: nikisema hivyo mama hatajua? Mosi akawa anarudi.

Mama mkwe kanipokea kwa heshima zote. Kwetu ningemkimbia nikajifiche migombani, hapa nimeketi nikapewa maji ya kunawa. Nimemwonea haya hivyo hivyo. Kazeeka tangu msiba. Kamkumbatia Magda, kamnusa kichwani kwa muda mrefu. Usingizi wa mtoto leo umekuja upesi, katikati ya mama zake wadogo, mmoja kila upande. Mimi ndiye niliyelala chumba kimoja naye miezi yote hii, anarusha mateke usiku kucha. Leo katulia tuli.

Jumamosi, 2 Novemba

Misa, kisha makaburini. Tumepalilia, tumemwaga maji ya baraka. Mosi kasalisha litania. Magda kang'oa majani yote kwenye kaburi la mama yake, hakutaka nimsaidie. Nimelia. Nimelia mbele ya wakwe, shauri yao! Paskalia, wangeniacha na mmoja wenu tu.

Sasa ni adhuhuri, wamekaa ndani. Mimi niko nje, kwenye gogo, chini ya mkarafuu. Baba anasubiri, haingii, ndivyo walivyo. Mosi kaniletea chai, hakunitazama usoni.

Wameshamwita. Kabla hajaingia kaja mbio kwangu, kavua viatu, kanikabidhi. Anasema bibi kamwambia mle ndani wanaingia miguu mitupu. Nikamshika mkono. Nilitaka kumkumbusha: Madam, sema Madam. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Waambie ukweli mama, usiogope." Sijui kwa nini nimesema hivyo. Mjinga mimi!

Mlango umefungwa. Namsikia bibi yake, anauliza polepole kwa Kiswahili ili mtoto aelewe. Nasikia kuku tu. Sasa Magda anajibu, sauti ndogo, sijamsikia. Bibi anarudia kuuliza. Magda anajibu tena, ndefu kidogo.

Kimya.

Vigelegele. Mwanamke mmoja, wa pili, sasa ni wote, na kuna mtu analia humo humo ndani. Mlango bado umefungwa. Nimesimama, viatu viko mkononi, na hakuna anayetoka kuniambia, ingawa nimeshajua: kasema hakufundishwa na mtu, sasa ni wa kwao.