Aliyefumua Kofia ya Mwanaesha

Kwako Bibi Mshauri wa gazeti letu, baada ya salamu na kukuombea afya, nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa na mume wangu Gharib simwambii, basi nakuomba unisikize mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Majina yote humu si yao, nimewabandika tu.

Mimi ni mshoni wa kofia za mkono hapa Mji wa Kale, na wallahi sijisifu, lakini hakuna anayenishinda, wazee wenyewe husema. Mume wangu alipelekwa Nairobi na kazi ya reli, tukakaa miaka miwili, na jirani yetu Zilpah alikuwa na televisheni, basi kila Alhamisi jioni mimi ndiye wa kwanza kuketi, natazama mchezo wa jasusi mmoja mwenye glavu nyeusi, humwandama mwovu kimyakimya, akamwingilia nyumbani kwake, akamwadhibu kwa mkono wake mwenyewe, polisi wakifika kazi imekwisha na hakuna alama. Niliupenda mno. Tuliporudi Mombasa mwaka jana, na huku televisheni hakuna, nikawa ndimi televisheni ya mtaa: wanawake wakija kushona kwangu alasiri nawahadithia mchezo mmoja baada ya mwingine, sindano zinasimama. Nilikuwa na cheo, Bibi, sikufichi.

Ikaja harusi ya ndugu yangu Badawi. Kofia yake niliishona miezi minane, matundu yake madogo kama punje za mtama, kila moja limezungushiwa uzi. Siku tatu kabla ya harusi wanawake walikuja kuchagua mchele, wakavua mabuibui wakayatupa kitandani kwangu kama kawaida, na kofia iko papo hapo juu ya kasha. Mara, nikiwa juu ghorofani, dirishani namwona mwanamke anatoka mlango wa nyuma, uso kafunika, kitu kakibana kwapani, na upindo wa buibui una kiraka nilichokitia mimi mwenyewe. Buibui hilo ni la Mwanaesha. Nikakimbilia kasha, kofia hakuna.

Mwanaesha ni mwenzangu tangu utotoni, tumefundwa sindano na mwalimu mmoja, na tangu afiwe na mume anakula kwa sindano hiyo. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Sikumwambia mtu. Yule wa glavu angemwambia nani?

Kesho yake Mwanaesha akaja tena kwangu kuchagua mchele, nami nikasema nakwenda sokoni, huenda nikachelewa, nikajifunika uso, nikaenda nyumbani kwake. Chini anakaa mpangaji mwenziwe, Nanjala, mtu wa bara ambaye mumewe ni mpakuzi wa shehena bandarini Kilindini. Nikapanda juu bila hodi. Nikaikuta kofia anayomshonea babake ya kuendea Haji, imekaribia kwisha, nikakaa nikaifumua uzi kwa uzi, kazi ya miezi minne nikaimaliza asubuhi moja. Na hilo lataka mkono, Bibi, mwingine angekipasua kitambaa, mimi sikukichana hata mahali pamoja, katika mji huu hakuna mwingine awezaye. Nikarudi kwangu nikamkaribisha Mwanaesha chai. Nilijiona mkubwa.

Asubuhi ya harusi akaingia shangazi yetu Bi Nana na kofia ya Badawi, imefuliwa, imetiwa wanga, imesimama juu ya faruma yake ya mti. Ada ya nyumba yetu ni kuwa kofia ya bwana harusi huchukuliwa na shangazi kimyakimya akaifue, haambiwi mtu, kwa kuogopa jicho. Nimeijua ada hiyo tangu mdogo, Nairobi ikanisahaulisha. Na mkononi ana buibui amelikunja. Akauliza, "La nani hili? Nalitia mkono kitandani nikavaa la kwanza." Mwanaesha akacheka, akampa lake, kwa kuwa yeye alikuwa amerudi nyumbani na la shangazi.

Baada ya harusi Mwanaesha alituletea ile kofia iliyofumuliwa. Akaipapasa, akaigeuza nyuma, akaikunja. Wanawake wakasema ni Nanjala, nani mwingine alikuwamo nyumbani siku ile? Mmoja akauliza kwani yule wa glavu angengoja polisi, na hayo, Bibi, ni maneno yangu. Wakamwendea mwenye nyumba, Nanjala kapewa mpaka mwisho wa mwezi ahame, na salamu yake hawaiitikii. Mwanaesha peke yake huitikia. Hata mimi siitikii, kwa haya.

Sasa nikisema, cheo changu kimekwisha na mume wangu hatapita barazani. Nikinyamaza, hakuna alama. Jasusi hufanya vile vile kila wiki na watu wakamshukuru, mimi nimekosea mara moja tu. Nifanyeje?

Ni mimi, Mshoni.

MAJIBU

Mshoni, pole. Koo linalokukaba wiki tatu ni dalili kwamba moyo wako mzima, mshukuru Mungu. Pole zangu zimekwisha hapo.

Jasusi wako hakosei kwa sababu aliyeutunga mchezo alishamjua mwovu kabla hajamvisha yeye glavu. Wewe nani alikutungia? Uliona kiraka ukatoa hukumu. Wakati ule ule Mwanaesha alikuwa humo humo nyumbani mwako anakutolea mawe kwenye mchele, nawe ulishindwa kushuka ngazi kumtazama! Kadhi wetu huketi uso wazi, hata hakimu wa serikali, humwita mshtakiwa kwa jina lake na kumwuliza ana lipi la kusema. Najua kwenye televisheni hayo yangechosha watu. Lakini mji wetu umekaa na ustaarabu huo zamani sana, nami naujivunia, na swali moja tu lingetosha kumwokoa mwenzio. Wewe ulikwenda bara ukaturudishia glavu.

Na Nanjala je? Kosa lake ni kuwa nyumbani kwake mchana. Mmemhukumu kwa kipimo kile kile ulichomhukumia Mwanaesha, na waliokitumia ni wanafunzi wako. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu.

Basi sikiza. Leo hii mwambie mumeo, maana akisikia barazani itakuwa mara mbili. Nendeni pamoja kwa mwenye nyumba mkamwambie Nanjala hahami. Kisha waite wanawake wale wale, alasiri ile ile, Nanjala naye umkalishe kwenye mkeka mbele, uwahadithie mchezo mmoja zaidi, ambao jasusi wake ni wewe, na usiufupishe. Sindano zitasimama. Utaona haya, nawe zione. Ukimaliza umwombe radhi Nanjala kwa kinywa chako, wote wakisikia.

Kisha chukua uzi wako ukaketi kwa Mwanaesha kila siku mpaka kofia ya babake iishe kabla hajasafiri. Mkono wako ni fahari ya Mji wa Kale, sikukatazi kuringa nao. Ringa kwa ulichokishona.

Na kama bado unajidanganya kwamba hukuacha alama, soma tena barua yako. Umeandika mwenyewe kuwa kitambaa hakikuchanika, na kuwa katika mji huu hakuna mwingine awezaye. Mwanaesha mlifundwa sindano pamoja. Aliigeuza kofia ile, akaitazama kwa nyuma, akaikunja. Anajua, Mshoni. Wiki tatu hizi anakungoja wewe uje umwambie.