Kiazi cha Kivulini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limeacha kukusumbua. Dada aliniandikia kwamba sasa unatembea bila kushika ukuta, nikafurahi sana. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Unakikumbuka kile kiazi mwitu chenye miba shinani, kinachoota kivulini pasipofika jua? Wiki iliyopita mzee wa bustani alikichimbua nyuma ya masjala yetu, akaja nacho mlangoni kuuliza akitupe wapi. Mkuu wetu alikipima mkononi, akasema kitu kinono namna hiyo hakikosi kuliwa. Katibu muhtasi akacheka, akamshauri amuulize yeyote ila Bwana Siagi.

Bwana Siagi ni mimi. Walinibandika jina hilo kwa sababu siku walipokuwa wakisimuliana utoto wao, niliwaambia nimekulia mkate na siagi.

Basi nikajitia ujuzi. Nikasema kinaliwa, nimesoma kitabuni. Mkuu akauliza kinapikwaje. Nikajibu kinachemshwa tu, kama kiazi kingine chochote. Akanipiga bega, akaondoka nacho.

Yeye na mkewe walitapika hadi wakalazwa hospitali. Wameruhusiwa sasa, Mungu ashukuriwe, ingawa Mkuu bado anatembea kwa kushika kuta. Mzee wa bustani amesimamishwa kazi. Wanasema alileta sumu kusudi, kwa vile majuzi alikaripiwa. Mwenyewe analia kwamba alitaka kukitupa. Mimi hakuna anayenilaumu. Wananipa pole kwa kudanganywa na kitabu.

Mama, hakuna kitabu. Nilijua. Hata ulimi ukisema kinachemshwa tu, nilikuwa nakuona umeinama kwenye beseni, unakata vipande vyembamba, unaviloweka, unamwaga maji, unatia mengine, nasi tunakulilia njaa, nawe unatuzuia tusionje mpaka uchungu wote utoke. Niliogopa nikieleza hayo wataniuliza nimeyajuaje. Nilikuonea haya, mama, wewe na beseni lako.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Mkuu, kabla mzee hajaitwa kujieleza. Huenda nikafukuzwa. Akiniuliza nilijuaje, nitamwambia mama yangu alitulea kwa kiazi hicho, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuumwa tumbo.

Msalimie dada, na wote wanaoniulizia. Niombee.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako