Thumni Yangu Katika Mastang

Jumatano, 5 Novemba 2025
Hamood mwanangu kanambia leo, mdomo umejaa chai: gari la baba yake litauzwa. Hivyo hivyo, kama anasema mkate umekwisha. Mastang la sitini na tisa! Marehemu mume wangu Msellem kalinunua Kuwait, tukaja nalo Maskati barabara za lami bado za kuhesabu. Hamood anasema limekaa tu, linakula nafasi. Likiuzwa, mwanawe Aws atapata Mastang jipya. Nikamwambia na mie nimekaa tu, nakula nafasi. Akajimiminia chai tena.

Ijumaa, 7 Novemba
Baada ya sala Aws kaja na Mastang jipya la rafiki yake, anitie tamaa. Tukapanda mlima wa Bustan. Wallahi lina mbio. Baridi kama friji, mgongo haukuniuma. Sitasema uongo kwenye daftari langu mwenyewe.
Lakini tumefika juu sijajua kama tumepanda! Letu, mlima ule ule, lilikuwa likinguruma mpaka meno yanacheza — Msellem anabadilisha gia, mie nimeshika mlango nasoma Ayatul Kursi. Aws anasema hili jipya lina farasi mia nne na themanini, letu mia mbili na hamsini. Nikamuuliza nani kawahesabu. Na kile kioo cha mbele, kama cha televisheni, kinamuamrisha dereva kama mama mkwe. Nikateremka, nikamwambia ahsante, la babu yako halitoki.

Jumamosi, 8 Novemba
Kaja mnunuzi, Ghaith, wa Azaiba. Kaja na gari lake, Kamaro la sabini na tisa. Nimekaa barazani nikalisikiliza. Mistari ubavuni, limepambwa kama bibi harusi — ukilisikia, linapumua kama mtu mwenye mafua. Nikamwambia. Hakukasirika, alicheka. Akasema miaka ile mashine zilibanwa pumzi kwa sababu ya sheria za moshi na uhaba wa petroli, ndiyo maana anataka letu, la kabla ya hapo.
Anajua kitu, mtu huyu. Ndo nikazidi kumchukia.

Jumatatu, 10 Novemba
Hamood kaleta karatasi ya warithi. Wote washatia saini, hata binti yangu Khole, kimya kimya. Kila mmoja kamwachia Hamood fungu lake. Mie hakuna aliyeniuliza — saini ya mama wameifanya chumvi, ipo tu jikoni.
Nikamwambia: "Mjane ana thumni, fungu moja katika manane. Mashine ya baba yako ina silinda nane. Moja yangu. Ing'oe uniwekee hapa mezani, hizo saba kauze."
"Mama, gari haliendi na silinda saba."
"Basi haliendi."

Jumanne, 11 Novemba
Nimo ndani ya gari, uani, daftari juu ya usukani. Tangu saa mbili asubuhi. Lori la kubebea magari lipo nje ya geti. Hamood alimpa Ghaith ahadi kabla ya kunipa mie kalamu. Milango nimeifunga. Hamood anagonga kioo, anasema majirani wanaona. Waone! Nimewasha mashine ili nisimsikie. Imeshika mara ya tatu. Gari zima linatetemeka, maandishi yangu yanapinda.
Aws kaja upande wa pili. Baba yake anamwita, haitiki. Kainama kwenye kioo.
"Bibi, nifungulie."
Sijui kaja kunitoa au kukaa. Nimenyanyua kifungo cha mlango wake —