Nimemshonea Binti Yangu Lastiki ya Mguu, Sasa Naogopa

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi ipokee tu hivyo hivyo kwa sababu leo sina nguvu za kupima umri wa mtu, naogopa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi cherehani, nina binti mmoja wa miaka kumi na tatu, anacheza mpira, uwanjani wanamwita Injini kwa sababu akianza kukimbia hazimiki, na mimi siku hizi mtaa mzima wananiita Mama Injini na nilikuwa nalifurahia sana jina hilo, ila sasa nikilisikia najifanya sijaitwa mimi.

Kocha wao ni kaka yangu mkubwa, yule aliyetulea sisi wadogo zake baba alipofariki, kwa hiyo ujue kabisa kwamba mbele yake mimi sina mdomo. Nyumbani mtoto anamwita mjomba, uwanjani kocha, na neno lake ni moja tu, "Kaza!" Mtoto akichoka, kaza, akianguka, kaza, akilia ndiyo kabisa. Basi mwezi uliopita Injini alikanyaga vibaya mazoezini, kifundo cha mguu kikateguka, kikavimba hadi soksi ikagoma kupita, kaka akamkanda kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, akasema, "Kimelegea tu hicho, kinataka kukazwa," na mimi, Mungu anisamehe, mtu akiniambia kitu kimelegea nawaza cherehani. Nikachukua lastiki pana ile ninayotia kwenye viuno vya sketi, nikakata, nikashona mviringo wa kumbana kifundo, na nikajiona fundi kwelikweli, mtoto akarukaruka, "Mama, umekaza vizuri!" kesho yake akarudi uwanjani.

Tangu hapo mguu ule ule umeshateguka tena na tena, hata akikata kona tu bila kuguswa na mtu, na kila ukiteguka mimi napunguza lastiki ibane zaidi. Nashangaa maana njumu zake ni nzuri, nilimnunulia kubwa makusudi ili akue nazo, mbele nimezijaza vipande vya vitambaa na wala hazimpwayi sana. Halafu juzi asubuhi nimekwenda kumwamsha nikakuta amelala na lastiki, ameificha ndani ya soksi. Kushika vidole, baridi! Na rangi imebadilika. Nikambonyeza kidole gumba, akanitazama, "Sisikii, Mama." Niliivuta ile lastiki kwa meno, nikausugua mguu huku nalia mpaka joto likarudi polepole, na alama ya mshono wangu mpaka leo iko kwenye ngozi ya mwanangu.

Unadhani yeye aliogopa mguu? Aliogopa nitamwambia mjomba wake. Jumamosi wanakuja watu kuchagua wasichana wa timu kubwa ya vijana, akanishika magoti, "Mama, usiseme, nishonee nyingine, ikaze kuliko hii, ni Jumamosi tu." Na mimi nimeshona. Iko hapa juu ya meza ya cherehani, naiangalia huku nakuandikia. Nikisema, kaka atasema namdekeza mtoto na mtoto hatanisamehe. Nikinyamaza, naogopa iko siku nitaushika mguu wote aniambie hasikii. Nifanyeje?

Mama Injini

JIBU

Mama Injini, weka kalamu chini, chukua mkasi, kata hiyo lastiki iliyo mezani. Na usiikate vipande viwili, ikate vidogo vidogo, maana nyie mafundi nawajua, utaviunga. Umekata? Haya, sasa tuongee.

Barua yako nilimsomea daktari wa mifupa kwenye simu. Nilipofika pale mtoto aliposema "Sisikii, Mama," akanikatiza: "Aletwe hospitali leo." Umesikia, leo, si baada ya Jumamosi. Lastiki ya kiuno cha sketi haijui mguu ni nini. Mguu ukivimba, yenyewe inazidi kubana na damu inashindwa kupita. Halafu binti yako bado anakua, na mifupa ya mtoto anayekua ni laini kule kwenye miisho yake, kwa hiyo hicho mnachokiita kuteguka huenda ni ufa. Apigwe picha, ijulikane. Pole sana, dada, najua nimekuongezea hofu, lakini katika familia nzima hofu yako ndiyo iliyokuwa na akili.

Sasa na mimi nikugombeze kidogo. Lastiki umeililia weee, njumu umezipita juu juu kana kwamba hazina kesi! Njumu kubwa, zimejazwa vitambaa! Hebu niambie, mteja akija kwako utamshonea gauni la kupwaya umjazie vitambaa kiunoni, umwambie atakua nalo? Kiatu kikipwaya, mguu unacheza ndani yake, mtoto anageuka huku kiatu kinabaki kule, na kifundo ndicho kinachoumia. Kilicholegea ni kiatu. Kutwa nzima futi ya kupimia inaning'inia shingoni mwako, unapima viuno vya watu, na mguu wa mwanao hujawahi kuupima. Upime, ununue njumu zinazomtosha sasa hivi, si za mwakani.

Maji ya moto kwa mguu uliotoka kuteguka, acheni. Yanaongeza uvimbe. Ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mguu uinuliwe, mtoto apumzike, na akishindwa kuukanyaga ni hospitali moja kwa moja. Kurudi uwanjani ni mpaka daktari aseme, na mpaka mtoto aweze kuruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu. Mwambie daktari akuelekeze mazoezi ya kukipa kifundo nguvu, kama kusimama kwa mguu mmoja wakati anapiga mswaki. Nguvu ya kifundo inatoka huko, haitoki kwenye cherehani. Na kaka yako naye ana wasichana wengine pale. Wapashe mwili kabla ya mpira, wakimbie taratibu, wajifunze kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, wavae kinga za ugoko hata mazoezini, wapate siku za kupumzika.

Utamwambiaje huyo kaka? Usiende kumshtaki. Mwambie, "Kaka, tusindikize hospitali, naogopa kwenda peke yangu." Mtu aliyekulea hatakataa hilo. Mkifika, mwache daktari aseme, wewe shika mkono wa mtoto. Hayo mazoezi ya wenzake atayasikia huko huko na hatakuwa na wa kumbishia.

Jumamosi hachezi, na kwa hilo usinibembeleze. Atalia, atanuna, chakula atasusa. Siwezi kukuahidi kwamba hao watu watarudi tena, na kweli inauma. Mwache anune. Binti anayenuna akiwa na miguu yake miwili utampatanisha tu.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonikosesha raha tangu nisome barua yako. Mtoto ameficha mguu uliokufa ganzi ndani ya soksi, akalala nao, mama yake yuko chumba cha pili. Alificha kwa sababu kwenu, kuanzia uwanjani mpaka kitandani, kuna neno moja tu. Mkirudi kutoka hospitali kaa naye, ushike ule mguu, mbonyeze kidole gumba, umuulize kama anasikia. Akikwambia, "Panauma, Mama," usimwambie akaze. Mwambie asante.