Unga Uliopigwa Mionzi

Jumatatu, 10 Juni 1963. Ambanoro.

Baada ya Alfajiri nimekeneka vikapu vinne vya maua ya langilangi, nikayatoa kwa mvuke mafuta ya manukato. Kazi imekwenda vyema. Kisha barua kutoka Mahajanga. Mnunuzi ameyapitisha mafuta yangu ya awali katika mashine yake ya gesi, ya kupimia. Karatasi inayochorwa na mashine imeonyesha kilima kimoja kinene, naye anadai nimechanganya mafuta ya taa. Nikitia saini karatasi ya kukiri aliyoiambatanisha, atanunua kwa bei ya chini. Nikikataa, atawatangazia wanunuzi wote kuwa mimi ni mlaghai.

Sitii saini.

Alhamisi, 13 Juni.

Wakenekaji wenzangu wananisihi nikubali, yaishe. Wao hukubali wakisingiziwa. Nimeghadhibika. Watoto wa kijiji hiki wamesomea Kurani kwangu. Nitawafundisha nini nikiisingizia nafsi yangu?

Jumatano, 19 Juni. Mahajanga.

Nimekuja na mafuta yaliyobaki ya mkeneko uleule alioupima mnunuzi. Zaina, binti ya marehemu ndugu yangu, ni mpimaji katika maabara ya mnunuzi. Amenieleza. Mafuta huvukizwa, gesi ikayasukuma katika mrija uliojazwa unga. Unga wa zamani huzing'ang'ania harufu, zikatoka zimefungamana. Umeletwa mwingine, uliopigwa mionzi huko Ulaya ili usizishike; kila harufu hutoka peke yake. Mnunuzi amewawekea wateja wakubwa tu.

Nimetandika msala mlangoni pake; siondoki hadi mafuta yangu yapimwe kwa unga huo. Nimeswali hapo Adhuhuri, kisha Alasiri.

"Baba mkubwa, utanifukuzisha kazi," Zaina amenong'ona, akizuia kicheko.

"Wakikufukuza, njoo tukeneke. Angalau utanukia."

Alhamisi, 20 Juni.

Mnunuzi amechoka kuniruka kizingitini. Mrija wa unga mpya umefungwa mashineni. Kilima kimoja kimegawanyika vitano, vyembamba. Mafuta ya taa hayamo.

Zaina hakunificha la pili: mafuta mazito, yale ya mwisho wa mkeneko, yamezidi. Nimetambua papo hapo. Ule ulikuwa mkeneko wa Ijumaa. Simwachii mtu mtambo wangu; niliuacha peke yake ukitiririka, nikaenda msikitini, na mafuta mepesi ya mwanzo na mazito yakaingia chombo kimoja. Kosa ni langu. Hila si yangu. Nimeridhia yaandikwe daraja la pili. Karatasi ya kukiri nimeirarua mbele ya mnunuzi, polepole, vipande vidogo.

Ijumaa, 28 Juni. Ambanoro.

Leo sikuwasha moto. Nimeoga, nimevaa kanzu, nimekwenda msikitini mapema. Maua yamebaki mitini hadi kesho.